Bei ya Upande wa Kushoto

Mayi Nasimiyu, binti yangu,

Ningeanza kwa kukuuliza hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekula chapati tano, ukavaa koti langu bila kuomba ruhusa, ukaenda Kamukuywa kumuaga kukhu, nyanya yako. Mimi niko hapa karakana, nimekaa juu ya kitanda cha mteja ambacho kilipaswa kuwa tayari juzi, na daftari la vipimo nimeligeuza upande wa nyuma ili nikuandikie. Ukifungua sanduku lako kule unakokwenda, utaikuta barua hii kati ya sweta na ile taulo mpya. Ukiikuta mapema, usiisome mbele yangu. Nitashindwa kujua niweke uso wapi.

Mambo ya kula, kulala, kufunga mlango na kuchagua marafiki nayaruka. Mama yako ameyaandika karatasi mbili, mbele na nyuma, na mengine ameyarudia kwa wino mwekundu. Nimeishi naye miaka ishirini na tatu na bado sijafaulu hata nusu ya hiyo orodha, kwa hivyo si mimi wa kukufundisha.

Nataka kukueleza habari ya bunduki. Utasema, "Baba, si nilikuwa pale?" Ulikuwa. Lakini wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti cha pembeni, na mimi nilikuwa ndani ya kichwa changu, na humo ndani mambo hayakuwa mazuri kama yalivyoonekana kwa nje.

Kuka yako, baba yangu mzazi, aliibeba ile bunduki miaka mingi kabla haijawa yake. Kijana wa Saboti, miguu mirefu, aliajiriwa na mzungu mmoja mwenye shamba la mahindi. Kazi yake ilikuwa kutembea nyuma ya mzungu akiwa na bunduki begani, na kumpa wakati akinyoosha mkono. Mzungu alipouza shamba akarudi kwao, alimwachia kuka bunduki, mfuko wake wa ngozi, na barua fupi ya kuthibitisha kwamba hakuiba. Tangu siku hiyo kuka aliitumia kulinda mahindi dhidi ya wanyama wanaoshuka kutoka msituni, na kila alipokwenda kufanya upya cheti chake cha kuimiliki alivaa tai. Alipofariki tuliipeleka kituo cha polisi kama sheria inavyotaka, kisha nikaomba cheti kwa jina langu, na zile safari za ofisi kwa ofisi zilimaliza viatu jozi mbili. Hatimaye ikarudi nyumbani, ikakaa ndani ya lile sanduku la chuma ukutani. Mimi hata ndege sijawahi kulenga. Nilikuwa naifungulia mara moja kwa mwezi, napanguza vumbi, naifungia tena, kama mtu anayemjulia hali mjomba mgonjwa.

Halafu ikaja barua yako ya chuo. Nafasi ya kusomea ufundi wa ndege, na ndani yake, kwenye aya ya mwisho ambayo mama yako aliisoma kwa sauti ndogo, kwamba karo ya mwaka wa kwanza isipofika kabla ya siku waliyotaja, nafasi inapewa mwingine. Tuliangaliana. Ng'ombe tuliyenaye ni mmoja na ni mzee kuliko wewe, au anajifanya. Hapo ndipo bunduki ya kuka ilipoanza kuwa na bei.

Bei ya kwanza niliipata papa hapa karakana, bila kutoka. Barasa wa baiskeli, jirani yangu unayemjua, alisema milioni tatu.

"Umejuaje?" nikamwuliza.

"Si ni ya mzungu?"

"Ndiyo."

"Na ni ya zamani?"

"Ya zamani sana."

"Basi ifanye nne."

Kufikia saa kumi, kila mpita njia akiongeza yake, ilikuwa imefika milioni tano, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona. Nilirudi nyumbani natembea kama mtu mwenye shamba. Uliniona, ukauliza kama mguu unaniuma.

Nikaenda Bungoma kwa rafiki yangu Hassani, yule anayeuza vitu vya mitumba karibu na msikiti. Nilikuwa na picha tu kwenye simu, maana bunduki si kitu cha kutembezwa sokoni. Hassani aliiangalia, akaikuza, akarudisha simu. "Fundi, mimi bunduki siijui, na wewe pia hujui. Lakini nikwambie kitu. Hapa kwangu nina redio za zamani. Ile yenye vumbi na mikwaruzo yake inachukuliwa na watu kutoka mbali, kwa bei ya mbali. Ile niliyopaka rangi ikang'aa inanunuliwa na jirani, kwa bei ya jirani. Usiiguse."

Nilimshukuru, nikanywa chai yake, na nilipokuwa njiani nikajiambia, ati huyu Hassani anaogopa nisije nikamzidi biashara. Unaona jinsi akili ya mtu inavyofanya kazi ikishakunywa milioni tano.

Sasa sikiliza jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Mimi sikuwahi kujua bei ya kitu chochote ambacho sikukitengeneza mwenyewe. Kitanda cha saiprasi nitakwambia bei yake nikiwa usingizini. Jeneza, nakuangalia tu urefu. Lakini kitu cha urithi, kitu cha bahati, kikija mkononi mwangu naona aibu kuuliza, maana kuuliza ni kukubali kwamba sijui. Ile ploti yetu ya Bungoma niliiuza kwa mtu wa kwanza aliyebisha hodi, siku hiyo hiyo, kabla ya chai kupoa. Leo imesimama ghorofa tatu pale. Tukipita unaniona ninaangalia upande wa pili wa barabara na kuwasifia watu mahindi yao. Sasa unajua.

Kwa hivyo badala ya kumtafuta anayejua bei, nilifanya kile ninachojua. Hakuna mtu amewahi kununua kwangu kitanda ambacho hakijapigwa msasa na varnishi. Nikaitoa bunduki, nikaifungua vile kuka alivyonifundisha, nikaweka kile kitako cha mbao kwenye jiriwa. Kilikuwa kimechakaa. Kilikuwa na alama za jasho, mikwaruzo ya miiba, na mahali pamoja palipokuwa peusi pale shavu la mtu lilipokuwa likilala wakati wa kulenga. Nikaanza upande wa kushoto. Msasa mkubwa kwanza, halafu wa kati, halafu ule laini. Vumbi la mbao lilikuwa zuri, rangi ya sukari nguru. Nikapaka varnishi mikono mitatu. Iling'aa mpaka niliona meno yangu.

Ulipoingia kutoka sokoni ulisimama mlangoni, hukunisalimu hata.

"Baba. Acha."

"Niache nini?"

"Hiyo. Nimesoma. Ukiutoa ule uzee wake unatoa bei."

"Nani fundi hapa?"

Uligeuka ukatoka. Nikaona nimeshinda. Kesho yake asubuhi nilitaka kuanza upande wa kulia, na msasa haukuwepo. Si mkubwa, si mdogo, hata vile vipande vilivyochakaa ninavyofutia kisu. Nilitafuta siku nzima, nikamlaumu Barasa, tukakosana naye mpaka jioni. Wiki mbili baadaye mama yako aliukuta wote ndani ya ghala, chini ya magunzi, umefungwa vizuri kwenye gazeti. Mwizi wangu alikuwa anakula ugali wangu.

Na wakati mimi natafuta msasa, wewe ulikuwa umechukua chaki ya karakana, ukasugua juu ya zile namba ndogo zilizochongwa kwenye chuma. Namba ya kwenye mtutu ikasomeka, na ya kwenye bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, ikasomeka, na zilikuwa moja. Ukaniambia maana yake vyuma vyote vilitoka kiwandani pamoja, havijawahi kubadilishwa. Ukatafuta barua ya mzungu ndani ya Biblia ya kuka. Jumamosi ukaenda mpaka Bokoli kwa senge yangu Nafuna, dada yake kuka, ukarudi na picha ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuona. Kuka akiwa kijana, bunduki begani, amesimama karibu na nguruwe mwitu aliyekufa. Nguruwe, mayi. Maisha yangu yote nimewaambia watu ni simba. Zile alama sita zilizokatwa kwenye mbao, upande wa kulia, chini ya kile kisahani cha shaba chenye herufi za jina la mzungu, nilisema ni simba sita. Senge Nafuna alicheka mpaka akashika mbavu. Ni nguruwe sita waliokula mahindi msimu mmoja, na kuka alizikata kwa kisu akiwa na hasira.

Halafu ukaniambia kwamba Kitale kuna mama mwenye leseni ya kuuza bunduki, na kwamba umeshampigia, na kwamba anatungoja Jumanne. Ulisema kama mtu anayetangaza mvua. Nikatafuta sababu ya kukataa, sikuipata.

Tulipita kituoni kuwaarifu, tukaenda, cheti mfukoni, bunduki ndani ya mfuko wake wa ngozi. Nilitarajia jitu lenye masharubu. Tukakuta Mama Chebet, nyanya mwenye miwani ya kamba, anafuma sweta ya mjukuu. Aliweka sindano chini, akaosha mikono, akatandika blanketi juu ya meza. Mimi hapo nilianza kumheshimu, maana mtu anayeosha mikono kabla ya kazi hana haraka ya kukudanganya.

Aliangalia ndani ya mtutu kwa tochi. Akavuta bolti, akairudisha, akasikiliza. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akageuza ile bunduki, na upande wa kushoto ukamwakia usoni kama taa ya gari.

Akainamisha pua.

"Nani alifanya hii?"

Na mimi, mwanamume mzima, mzee wa kanisa, nikasema, "Fundi fulani."

"Fundi fulani wa wapi?"

"Wa huko Saboti."

"Hii ni varnishi ya jeneza. Naijua harufu yake, tulimzika mzee wangu nayo. Mwambie huyo fundi arudi kwa maiti, wao hawalalamiki."

Nikacheka. Wewe hukucheka. Ulikuwa unaangalia mikono yangu, ambayo ilikuwa na varnishi hiyo hiyo kwenye kucha, na nikaificha chini ya meza.

Akataja bei. Sitairudia hapa, inaniumiza mpaka leo. Haikutosha hata nusu ya mwaka wako wa kwanza. Na unajua nilitaka kufanya nini? Nilitaka kusema asante. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nilikuwa nafikiria jinsi ya kumwambia mama yako, na jinsi wewe utakavyokaa nyumbani mwaka mmoja, halafu miwili, halafu utazoea.

Ndipo ukasema, kwa adabu yote, umekunja mikono kwenye mapaja, "Samahani, kukhu. Hiyo ni bei ya upande wa kushoto. Naomba tukadirie na wa kulia."

Mama Chebet alivua miwani akakuangalia vizuri. "Haya, nionyeshe wa kulia."

Ulitoa vitu vyako kimoja kimoja kwenye ile bahasha ya kaki. Namba mbili zinazofanana. Barua ya mzungu. Vyeti vya kuka tangu cha kwanza, vimepangwa. Ukamwonyesha kisahani cha shaba na zile herufi, na herufi zile zile chini ya barua. Ukatoa picha. Mama Chebet aliishika kwa ncha za vidole.

"Huyu ni nani?"

"Kuka yangu."

"Na hizi alama sita, ni za nini?"

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe kusema simba. Ukaniwahi. "Nguruwe, kukhu. Walikula mahindi."

Yule mama alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye blanketi. "Simba kila mtu anaye. Wanaume wote wanaoingia kwa huu mlango, babu zao waliua simba. Sijui simba wenyewe walitoka wapi wote hao. Nguruwe sita nitawaamini."

Lakini hakupandisha bei. Alishusha sauti tu. Alisema vitu vyako ni vizuri, ni vizuri sana, ila mtu anayenunua bunduki ya aina hii ataangalia kushoto na kujiuliza swali moja. Bunduki nzito kama hii hupasuka mahali pembamba pa kitako, karibu na mkono. Watu hujaza ufa kwa gundi na vumbi la mbao, wanapiga msasa, wanapaka varnishi. "Mimi sisemi kuna ufa. Nasema sijui. Na mnunuzi asipojua, analipa kama upo. Ningempata huyo fundi nimwulize alikuta nini chini, ningejua la kuandika. Lakini fundi fulani wa Saboti nitampata wapi?"

Mayi, kile chumba kilikuwa kidogo. Kulikuwa na saa ukutani, nilikuwa sijaisikia mpaka wakati huo. Hukunitazama. Hilo ndilo nataka ujue kwamba niliona. Ulikuwa na haki ya kunitazama, au kunikanyaga mguu, au kusema tu, "Si ni huyu hapa." Nafasi yako ya chuo ilikuwa mezani pale juu ya blanketi, na ungeweza kuiokoa kwa kuniaibisha. Uliangalia picha ya kuka, ukaniachia mimi.

Nikatoa mikono chini ya meza, nikaiweka juu.

"Ni mimi," nikasema. "Fundi ni mimi. Natengeneza vitanda na majeneza. Nilitaka ipendeze."

"Ulikuta ufa?"

"Hapana. Mbao ilikuwa nzima kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nilipita na kidole kila mahali kabla ya varnishi, ndiyo kazi yangu. Sikujaza kitu. Ningekuta ufa ningeujua hata nikiwa nimefumba macho."

"Na kulia, kwa nini uliacha?"

"Mtu aliiba msasa wangu."

Hapo mlicheka nyote wawili, na mimi nikacheka baada yenu, na nilipomaliza nikagundua kwamba shingo yangu, iliyokuwa imekaza tangu Saboti, imelegea.

Mama Chebet alichukua karatasi akaandika, anasoma kwa sauti anapoandika. Kwamba bunduki ni ya mtu mmoja na familia moja baada yake. Kwamba namba zinalingana. Kwamba kitako hakina ufa. Kwamba upande wa kushoto ulipigwa msasa na kupakwa varnishi na mwana wa mwenyewe, fundi seremala wa Saboti, na akaandika jina langu lote, na mwezi, na aina ya varnishi. Upande wa kulia, haujaguswa. Akanipa nitie sahihi. Nilitia sahihi juu ya ujinga wangu mwenyewe, mbele ya binti yangu, na sikumbuki kama nimewahi kuandika jina langu vizuri namna ile.

Kisha akataja bei ya pili.

Niliomba arudie. Akarudia. Nikakuangalia nione kama nawe umeisikia, ukawa unafunga bahasha yako taratibu, lakini ulikuwa umeuma mdomo wa chini kama mama yako siku ya harusi.

Mnunuzi alikuja baada ya majuma matatu, mtu mwenye leseni na vyeti vyake, mkusanyaji wa vitu vya kale. Mama Chebet anasema alisoma ile karatasi mara mbili, akafika kwenye jina langu, akatabasamu, na hakupunguza hata shilingi. Mwaka wako wa kwanza umelipwa. Wa pili umelipwa. Wa tatu umewekwa mahali ambapo hata mimi siwezi kuufikia, mama yako alihakikisha. Siku ile ujumbe wa chuo ulipoingia kwenye simu, mama yako alipiga vigelegele jikoni mpaka maziwa yakafurika, na Barasa akaja mbio akauliza imefika ngapi, nikamwambia, akasema, "Si nilikwambia?"

Sasa unaenda kujifunza injini. Siku moja utakosea. Utakaza kitu ambacho hakikutakiwa kukazwa, au utasahau kimoja kati ya mia, na mtu ataangalia kazi yako aulize nani alifanya hii. Nakuambia kama mtu aliyekuwa pale: jina lako halitakuwa la kwanza kuja mdomoni. La kwanza litakuwa la mtu fulani wa mahali fulani, na litakuja haraka na litakuwa tamu. Mimi nilikuwa na bunduki kuukuu mezani na ilinichukua muda wote ule. Wewe utakuwa na watu mia wamekaa vitini wakingoja kuruka. Sema jina lako upesi kuliko nilivyosema langu. Utaogopa, ndiyo. Mimi nilisikia saa ya ukuta.

Na ukikutana na mtu amekwama kama nilivyokwama, mfanyie ulichonifanyia. Angalia pembeni kidogo, umwachie nafasi.

Watu wa ukoo wananiuliza kama sioni uchungu kuuza bunduki ya mzee. Nawaambia kuka aliibeba kwa ajili ya mtu mwingine, akailinda kwa ajili ya mahindi, na sasa imefanya kazi kubwa kuliko zote. Hawaridhiki. Waache.

Nasikia unaongea na Barasa kule barabarani, unamwambia kukhu amekupa kuku na kuku huyo hataki kusafiri. Ngoja nifiche daftari nishike randa nionekane nafanya kazi. Kesho nitalibeba sanduku lako mimi mwenyewe mpaka stendi, kichwani, na nitapita katikati ya soko, polepole, nisimame kila mahali, ili kila mtu wa Saboti apate nafasi ya kuniuliza linaenda wapi.

Baba yako,
Wekesa